Babu alikuwa dereva wa lori: tumwandikie nini?

Barua nyingi za mwezi huu zinagusa jambo moja: mzee aliyeishi barabarani nusu ya umri wake, akastaafu, akalea wajukuu, na sasa ametutoka. Tumezijibu pamoja, kwa msaada wa madereva wastaafu wa njia ya Dar es Salaam–Tunduma, fundi wa kaseti na fundi wa makaburi.

Nimepewa kazi ya kuandika wasifu wa babu utakaosomwa kanisani keshokutwa. Aliendesha lori zaidi ya miaka 30. Nimeandika "alikuwa mchapakazi, mpole na mcha Mungu", nikakwama hapo. Nini kinafuata?
*Mjukuu, Makambako*

Pole sana kwa msiba. Kwanza futa hayo maneno matatu. Si uongo, ila yameshasomwa kwenye kila msiba wa mtaa wenu, na hakuna atakayemwona babu yako ndani yake. Andika alichofanya, waombolezaji wenyewe watasema moyoni kwamba alikuwa mchapakazi.

Leo jioni omba ruhusa ya bibi ufungue sanduku lake la karatasi. Tafuta leseni zote, hata zilizochakaa, pasi za kusafiria, barua za ajira na ya kustaafu, kadi ya NPF au NSSF (mfuko wa akiba ya wafanyakazi), na risiti za mizani. Pasi ndiyo yenye utajiri: mihuri ya mpakani, ya Tunduma na ya Nakonde upande wa Zambia, itakupa siku aliyotoka na siku aliyorudi, na ukizipanga utajua safari moja ilimchukua muda gani. Kadi ya NPF nayo inasema kitu, kwa kuwa mfuko huo ulikuwepo kuanzia 1964 hadi ulipogeuzwa NSSF kwa sheria ya 1997. Piga picha kila karatasi, kisha irudishe mahali pake. Usiondoke na chochote, maana karatasi hizo hizo zitatakiwa kwenye mirathi na mafao.

Kesho asubuhi ongea na watu watatu: bibi, mtoto mkubwa, na yule ambaye familia nyingi humsahau, yaani utingo wake. Utingo amelala naye chini ya tela, amepika naye, amebadilisha naye matairi usiku. Usimuulize "babu alikuwa mtu wa namna gani?" Atakujibu "alikuwa mtu mzuri sana" na mazungumzo yataishia hapo. Muulize gari la kwanza lilikuwa aina gani, mlipakia nini kwenda na nini kurudi, mlilala wapi, nani alipika, na gari likiharibika porini mzee alianza na nini. Majibu mawili ya namna hiyo yanatosha aya nzima.

Halafu linganisha simulizi na miaka. Makosa mengi ya wasifu wa madereva yako hapa, kwa sababu wazee husimulia kwa matukio na si kwa tarehe:

Ikiwa inasemwa alipeleka mafuta Zambia "wakati wa Smith", ni baada ya 11 Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) chini ya Ian Smith walipojitangazia uhuru na Zambia ikakosa njia yake ya kusini. Barabara ya Dar es Salaam hadi mpakani ilikuwa bado ya vumbi na tope kwa sehemu kubwa, na madereva waliipita wakiwa na mapipa ya mafuta. Bomba la mafuta la TAZAMA, la Dar es Salaam hadi Zambia, lilipoanza kazi 1968, kazi ya mapipa ikapungua. Kampuni ya Zambia Tanzania Road Services, iliyoanzishwa 1966, ilitumia malori ya Fiat, kwa hiyo "Fiati la Zambia" kwenye simulizi za familia mara nyingi ndilo hilo. Reli ya TAZARA, nayo ya Dar es Salaam hadi Zambia, ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Na kama babu "alikwenda vitani bila kuwa mwanajeshi", usicheke: katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979 serikali ilichukua magari ya raia kubebea askari na mizigo. Muulize utingo kama na gari lao lilichukuliwa.

Angalia pia majina ya mikoa. Makambako yenu iko mkoa wa Njombe tangu 2012. Kabla ya hapo ilikuwa Iringa. Tunduma iko Songwe tangu 2016, zamani Mbeya. Cheti cha zamani kikisema "Mkoa wa Iringa" hakijakosea. Andika "Makambako, wakati huo mkoa wa Iringa", nawe utakuwa umeondoa ubishi wa wajomba.

Tarehe ya kuzaliwa ikiwa ya kukadiria, sema hivyo: "alizaliwa mwaka 1941 hivi". Siku na mwezi visivyojulikana visibuniwe ili tu nafasi ijae.

Nusu ya pili ya wasifu ni ya mzee aliyestaafu, na hapo mashahidi ni nyinyi wajukuu. Kaeni watano, kila mmoja aseme jambo moja alilomwona babu akilifanya zaidi ya mara moja. Si "alitupenda", ni nani alipelekwa shule kwa mkono, nani alikaguliwa daftari kabla ya kula, nani alifundishwa kubadilisha tairi la baiskeli, nani alipewa kipande cha nyama kutoka sahani yake. Chagueni matatu tu.

Urefu: wasifu usizidi dakika 5. Msomaji mtulivu mbele ya watu husoma kama maneno 100 kwa dakika, kwa hiyo unahitaji maneno 500. Chapa kwa herufi za ukubwa wa 14, mistari iachane moja na nusu, utapata kurasa mbili zisizojaa. Toa nakala mbili, na umteue msomaji wa akiba aliyeshausoma kwa sauti usiku uliotangulia, kwa sababu mjukuu wa kwanza huenda akashindwa kwenye aya ya pili. Majina ya watu na mahali magumu yaandike kwa silabi pembeni.

Waislamu wanaotusoma: mazishi hayasubiri karatasi. Historia kama hii ina nafasi yake siku ya hitma au arobaini, na hapo mnakuwa na muda wa kuuliza vizuri zaidi.

Baba mkubwa anasisitiza kwamba mwaka 1980 babu alikuwa akipeleka mzigo Moshi kutoka Mombasa kila wiki. Shangazi anasema si kweli. Tunachapa kijitabu cha mazishi na hatutaki kuaibika.
*Msomaji, Voi*

Shangazi ana hoja. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwanzoni mwa 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika, na haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Safari ya kawaida ya kila wiki kupitia Taveta na Holili haikuwezekana 1980. Yawezekana ilikuwa kabla ya 1977, au baada ya 1983, au mwaka huo babu alikuwa kwenye njia ya Malaba, mpakani na Uganda, na kumbukumbu zimechanganyika. Tafuteni pasi yake. Msipoipata, andikeni "kabla na baada ya mpaka kufungwa" ikiwa ndugu wote wanakubali alifanya njia hiyo, na mwaka 1980 uacheni.

Mwanangu amerudi shule akisema babu yake alikuwa "dereva tu". Ningependa familia ielewe ile kazi ilikuwa nini hasa. Tuieleze vipi?
*Mama wa watoto watatu, Morogoro*

Chukua mlima mmoja uueleze mwanzo hadi mwisho. Kwa njia ya Tunduma mlima huo ni Kitonga, ukishavuka Ruaha Mbuyuni kuelekea Iringa. Kupanda ni kazi ya injini. Kuteremka ni kazi ya dereva.

Kule juu, kabla lori halijainama, dereva alichagua gia. Kanuni ya wazee ni kwamba unateremka kwa gia ile ile ambayo ungepandia, au ya chini yake. Gia ndogo inaifanya injini ilishike gari, na breki zinabaki kwa dharura. Aliyesahau akaanza kutafuta gia katikati ya mteremko alikuwa hatarini. Giaboksi nyingi za zamani zilitaka ukanyage klachi mara mbili na ulinganishe mzunguko wa injini kwa sikio. Ukikosa, gia haiingii na lori linabaki frii likiwa na tani 30 nyuma yake.

Kwa nini breki zisitumike tu? Kwa sababu ya joto. Ukizikanyaga mfululizo, dramu inachemka, inatanuka na kuachana na lainingi (kile kipande kinachoisugua), na lainingi yenyewe inapoteza mshiko. Pedali ipo, moshi unanuka, gari halisimami. Kwenye breki za upepo kuna hatari ya pili: dereva mwenye hofu anayepampu pedali anatumia upepo upesi kuliko kompresa inavyojaza. Upepo wa kawaida ni kama bar 7 au 8. Ukishuka kuelekea 4, king'ora kinalia, na ukizidi kushuka malori yenye breki za springi hujifunga yenyewe. Kwa hiyo waliojua walikanyaga kwa nguvu mara moja, wakapunguza mwendo kwa kama kilomita 10 kwa saa, wakaachia kabisa dramu zipoe, wakarudia. Kuna waliozima gia na kuteremka frii ili kuokoa dizeli. Mabaki ya malori bondeni mengine yana sababu hiyo.

Kupanda, rejeta lilichemka. Utingo alitembea nyuma ya tairi akiwa na gogo mkononi, tayari kuliweka lori likisimama. Mfuniko wa rejeta la moto haufunguliwi, unasubiri. Aliyeharakisha aliungua uso. Gari likifa, matawi mabichi yaliwekwa barabarani nyuma na mbele, mbali ya kutosha ili anayekuja aone kabla ya kona. Mjukuu akiona majani barabarani leo, ajue ni lugha ile ile.

Kisha mzigo. Hapa watoto hupenda hesabu. Tani 30 za mahindi ni magunia 300 ya kilo 100, tela limejaa hadi juu na turubai limefungwa kwa kamba za kukazwa kwa mti. Tani 30 za shaba kutoka Zambia ni mita za ujazo 3.4 hivi tu, kwa sababu shaba ina uzito karibu mara tisa wa maji. Tela linaonekana tupu! Shaba ikirundikwa mahali pamoja, ekseli moja inabeba kupita kiasi na tairi zinapasuka, hata kama uzito wote uko sawa; kwa hiyo hutandazwa juu ya ekseli na kufungwa isitelezeke. Mizani nayo husoma ekseli mojamoja pamoja na jumla, ambayo siku hizi kikomo chake ni tani 56 kwa gari kubwa kabisa. "Dereva tu" alikuwa anapiga hesabu hiyo kichwani kabla ya kuwasha gari.

Mkipata nafasi, wapelekeni watoto kwa basi la mchana hadi Iringa, wakae upande wa dirisha, na mwenye habari awaonyeshe Mikumi, mibuyu ya bonde la Ruaha, halafu Kitonga. Ni kama kilomita 300 kutoka kwenu.

Tuna kaseti tatu ambazo babu alijirekodi akiwa safarini akazituma nyumbani, picha zilizogandia kwenye albamu, na sauti zake za WhatsApp. Tuanze na kipi?
*Wajukuu, Temeke*

Anzeni na WhatsApp, maana hiyo ndiyo inayopotea bila kelele. Akaunti isiyotumika hufutwa baada ya siku 120 hivi, na laini iliyokaa bila kutumika hurudi kwa kampuni ya simu na kugawiwa mtu mwingine. Kila mwanafamilia aliyewahi kutumiwa sauti na babu aende kwenye mazungumzo yao, atumie sehemu ya kuhamisha mazungumzo pamoja na faili zake, na aihifadhi kwenye kompyuta na kwenye flashi. Kuzisambaza kwenye kundi la familia si kuhifadhi. Simu zikibadilishwa zinakwenda nazo. Simu yake ikiwa na pesa, msiguse namba ya siri. Hilo ni la msimamizi wa mirathi na karatasi zake.

Kaseti: kabla ya kubonyeza chochote, vunjeni vile vikucha viwili vya juu ili mtu asirekodi juu ya sauti ya mzee kwa bahati mbaya. Tazameni utepe kupitia kidirisha cha kaseti. Ukiwa na unga mweupe ni ukungu, na kaseti hiyo msiipige nyumbani, itachafua redio na kukwaruza nyingine. Ikiwa safi, izungusheni mbele hadi mwisho na kurudi ili utepe ulegee, kwa sababu kaseti iliyolala miaka mingi hushikana. Safisheni hedi ya redio kwa pamba na spiriti safi. Kile kipande kidogo cha sifongo kilicho katikati kikiwa kimeanguka, sauti itakuwa hafifu. Fundi huhamishia utepe kwenye ganda jingine lenye skurubu tano. Utepe ukikatika, gundi ya karatasi ya ofisini haifai, inatoa ulimbo na kuunganisha raundi moja na nyingine. Unganisheni redio na kompyuta kwa waya, si kwa kuweka simu mbele ya spika, na mrekodi kwa faili ya WAV. MP3 mtatengeneza baadaye ya kutumiana.

Picha: albamu zile za karatasi yenye gundi chini ya plastiki ndizo mbaya zaidi. Msivute kona. Pitisheni uzi mwembamba wa kusafishia meno chini ya picha, mkienda kama msumeno, taratibu. Ikigoma, iacheni na muiskani ikiwa humo humo. Vivyo hivyo kwa picha iliyoshikana na kioo cha fremu: iskanini kupitia kioo. Tumieni nukta 600 kwa inchi. Bila skana, pigeni kwa simu karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, flashi imezimwa, simu ikiwa sambamba na picha. Nyuma andikeni majina kwa penseli laini. Kalamu ya wino huacha alama upande wa uso. Na tafadhali msipige leseni yake lamineti. Plastiki hiyo haiondoki tena.

Kidokezo cha kupata mwaka: ikuzeni namba ya gari. Namba za mtindo wa T 123 ABC zilianza miaka ya 2000. Lori lenye namba ya mtindo wa zamani huenda lilipigwa picha kabla ya hapo.

Siku ya pili ya msiba wamekuja vijana wawili kutoka mji wa njiani wakisema ni watoto wa babu. Wanafanana naye. Wasifu unasema "ameacha watoto sita". Tufanyeje?
*Jina tumelihifadhi*

Wapeni chakula na mahali pa kulala. Hilo halisubiri kikao.

Kwenye wasifu ondoeni tarakimu. Andikeni "ameacha mjane, watoto, wajukuu na vitukuu", basi. Msiandike "watoto sita tu", na msiwataje vijana hao kwa majina bila kikao cha familia kukubali, tena mjane akiwa ameelezwa faraghani na mtu mzima anayemheshimu, si na mhariri wa wasifu. Karatasi ile hubaki. Kuna watakaoibeba hadi kwenye kikao cha mirathi, na neno moja la haraka, la kukubali au la kukana, litageuzwa kuwa hoja. Haki yao itaamuliwa huko kwa vielelezo. Msibani kazi ni kuzika.

Wakiomba kuweka shada au udongo, waiteni pamoja na "ndugu na marafiki kutoka safarini". Tunajua wapo watakaosema tumelainisha mambo. Ni afadhali hivyo kuliko ngumi kaburini.

Tunataka kujengea kaburi la babu na kuchora lori lake. Fundi anasema tujenge mwezi ujao. Ni sawa?
*Msomaji, Mbeya*

Mapema mno. Udongo wa kaburi hushuka, na jeneza likianza kulegea hushuka tena. Subirini angalau masika moja yapite. Mwaka mmoja ni bora. Kwa sasa wekeni msalaba au kibao na mpande majani.

Wakati ukifika, kosa kubwa ni bamba kukaa juu ya udongo uliochimbwa. Kingo za msingi zivuke shimo kila upande zikae kwenye ardhi ambayo haikuguswa. Hata udongo wa kati ukishuka, bamba halitapasuka. Kwa bamba la mita 2.5 kwa 1.4, unene wa sentimita 10, mifuko 3 ya saruji inatosha bila kuta. Zege liwe karai 1 la saruji, 2 ya mchanga na 4 ya kokoto, na maji yasizidi lita 25 kwa mfuko. Fundi atataka kuongeza maji ili zege litandazike kwa urahisi, mkatazeni. Nondo za milimita 10 ziachane sentimita 20, zinyanyuliwe kwa vijiwe zisilale chini. Mwagilieni zege siku 7 likiwa limefunikwa magunia.

Kwa mchoro wa lori chagueni granaiti nyeusi. Mkwaruzo wake huonekana mweupe na haupotei mvuani. Terazo haishiki mistari midogo, na rangi ya kupaka itababuka. Mpeni mchongaji picha ya lori lililopigwa ubavuni, si la mbele, kwa sababu ubavuni ndipo tela linaonekana. Ombeni karatasi ya mfano yenye ukubwa kamili, isomwe na watu wawili tofauti, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya gari, kabla hajagusa jiwe. Tarehe zote ziandikwe kwa mtindo mmoja. Na kama mwaka wa kuzaliwa ni wa kukadiria, mchongaji aandike mwaka peke yake.